Kisasi cha Sinema Hakina Sehemu ya Mwisho

Zamani sinema ilikuwa jambo la miji mikubwa. Siku hizi yatosha simu moja, au chumba kidogo chenye televisheni na mashine ya umeme, nao vijana wa Kasongo na Kabambare waweza kutazama watu wakipigana kwa bastola huko New York. Picha wazipendazo zaidi zafanana kama watoto wa tumbo moja. Mtu mpole anaishi na watu wake kwa amani. Wahalifu wanavamia nyumba yake na kuua. Polisi hawafanyi kitu, na hakimu amekula rushwa. Basi yule mpole anashika silaha, anawawinda wabaya mmoja mmoja, na kila aangukapo mmoja watazamaji hupiga makofi. Muda si mrefu inakuja sehemu ya pili, kisha ya tatu.

Hatupendi kuwakemea wapigao makofi. Makofi hayo yatoka katika moyo wenye njaa ya haki, nayo ni njaa njema. Nani kati yetu asiyejua mtu aliyeibiwa mbuzi, akalipia karatasi, akalipia safari ya askari, kisha akamkuta mwizi sokoni juma lililofuata, amesimama anacheka? Mtu huyo akimwona shujaa wa sinema, huona kama ametetewa yeye mwenyewe. Lakini yafaa tuulize: je, haki hiyo ya sinema yamfikisha mtu wapi?

Tuitazame picha moja iliyo mama wa nyingi, iitwayo Death Wish, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Charles Bronson anacheza Paul Kersey, mchoraji wa ramani za majengo. Majambazi watatu wanaingia nyumbani mwake. Mkewe anakufa kwa mapigo, na binti yake anatendwa vibaya hata akili zinamtoka. Kersey anaanza kutembea usiku na bastola na kuwaua wanyang'anyi wanaomjia. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii: wale watatu hawapati kamwe. Anaowaua ni wengine, ambao hawakumgusa mkewe. Deni la damu linalipwa na wasiolikopa.

Picha ile ilileta fedha nyingi, kwa hiyo ikafuatwa na nyingine nne, mwaka 1982, 1985, 1987 na 1994, zote na Bronson yule yule. Hebu tuhesabu. Katika ya pili, binti aliyebaki anatekwa na kufa. Katika ya tatu anauawa rafiki wa zamani. Katika ya nne, binti wa mwanamke ampendaye Kersey anakufa kwa dawa za kulevya, na mwishoni mama yake naye anauawa. Katika ya tano anauawa mchumba. Kwa nini misiba yote hii imwangukie mtu mmoja? Kwa sababu mtunzi asiye na maiti mpya hana kisasi kipya cha kuuza. Bastola ya Kersey ilifanya kazi kwa miaka 20, na kila mara makaburi ya wapenzi wake yaliongezeka.

Brian Garfield, aliyeandika mwaka 1972 kitabu ambacho picha ile ilitolewa humo, hakupendezwa nayo. Alikusudia kumwonyesha mtu anayeharibiwa na kisasi, nao watazamaji wakamshangilia. Mwaka 1975 akatoa kitabu kingine, Death Sentence, ili kuonyesha kwamba njia ile yaelekea maangamizi. Lakini sinema ilifuata makofi, haikumfuata mtunzi.

Tena sinema yatupa kitu ambacho maisha hayatupi: yatuonyesha tendo lenyewe. Tulikuwamo chumbani mwuaji alipoingia. Twaujua uso wake. Sokoni hatuna macho hayo. Mmoja analia «Mwizi!», wa pili ananyosha kidole, wa tatu anaokota jiwe, na wa kumi hajui hata kilichoibwa. Wasomaji wetu wakumbuka habari ya Susana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili wenye heshima walimshitaki kwa uwongo, mkutano ukawasadiki, naye akawa anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli hakuja na upanga. Aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake, uwongo ukafichuka. Swali moja liliokoa maisha ambayo umati ulikuwa tayari kuyatoa.

Kwamba vijana huiga wayaonayo, Kongo yetu iliona mapema. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walipenda mno picha za Buffalo Bill na wachunga ng'ombe wa Marekani. Wakajiita Bills, wakavaa kama wao, na mitaa yao wakaipa majina kama Texas na Far West. Walijidai kuwa walinzi wa mitaa hiyo. Hata hivyo wasichana wengi waliteswa mikononi mwao. Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyozaa ubaya huo, maana umaskini na kukosa shule vilikuwako kwanza. Lakini sinema iliupa vazi la ushujaa.

Nasi tunao mfano ulio karibu zaidi. Mpakani mwa Maniema yetu, upande wa Kivu ya Kusini, iko Shabunda. Huko, mwaka 2005, waasi wa FDLR walipokuwa wakiwaua wanavijiji, watu walijikusanya ili kujilinda, wakajiita Raia Mutomboki, yaani raia wenye hasira. Mwaka 2011, vikosi vya jeshi vilipoondolewa vijijini ili kupangwa upya, wakainuka tena kwa nguvu kubwa. Wengi waliwashukuru, maana waliwafukuza FDLR mahali ambapo dola haikuonekana. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza. Kisha ikaja ya pili. Waligawanyika katika makundi mengi, kila moja na mkubwa wake, na baadhi yao wakawatoza ushuru wanavijiji wale wale na wachimba madini. Huko Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 260 waliouawa na makundi yenye silaha kati ya Aprili na Septemba 2012, miongoni mwao watoto 83. Nao ulisema kwamba makosa mazito zaidi yalitendwa na Raia Mutomboki. Je, mtoto aliye mgongoni mwa mama yake alikuwa amemkosea nani?

Ninyi wazazi, msifikiri kwamba yatosha kuficha simu. Kaeni na watoto wenu, tazameni pamoja nao, kisha waulizeni: nani aliyeshuhudia? Je, aliyeuawa ndiye aliyekosa? Na watoto wake watafanya nini watakapokuwa wakubwa? Swali hili la tatu ndilo sehemu ya pili yenyewe.

Nanyi vijana wa shule, siku mtakaposikia kelele za mwizi, msikimbilie jiwe. Ulizeni aliyeona ni nani, mwiteni mzee wa mtaa, yaandikeni majina ya mashahidi, mfuatane na mshitakiwa mpaka kwa wenye kazi hiyo. Ikiwa hakimu ni mvivu au mla rushwa, tumdai kazi yake kwa sauti moja, tena bila kuchoka. Paa likivuja, mwenye nyumba hulitengeneza, haichomi nyumba. Kazi hiyo ni ndefu, wala hakuna atakayeipigia makofi chumbani mwa sinema. Lakini mbuzi aliyerudishwa kwa hukumu ya haki hamwachi mtu yeyote na kaburi la kulipiza.