Kiwanja na Ukumbi wa Chuo: Kazi Ianzie Wapi?

Vyuo vidogo vya kanisa huku mashambani vina shida inayofanana. Madarasa yamejengwa kwa harambee, lakini mpira unachezwa kwenye mteremko wenye matope, na kwaya inafanya mazoezi kwenye chumba cha kulia. Halafu vikundi vinaitwa: akina mama walete mchanga, vijana walete majembe. Kabla hamjatoa jasho lenu, hebu tuone kazi hii inafanywaje.

Msitishwe na umaskini wa vifaa. Shule ya St. Patrick's huko Iten ilitoa Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Mazoezi yao yalikuwa kwenye barabara za udongo. Lakini hata kiwanja cha kawaida kinataka mpango.

Maji kwanza

Kinachoharibu kiwanja ni maji ya mvua. Chimbeni mfereji upande wa juu, uyazuie maji kabla hayajaingia. Mkisawazisha ardhi, udongo mweusi wa juu urundikwe kando, kisha urudishwe mwisho. Ukizikwa chini, nyasi hazitashika. Katikati ya kiwanja painuke kidogo kuliko kando. Nyasi zipandwe mvua inapoanza, na mtu asicheze hapo mpaka mizizi ishike.

Vipimo

Magoli yaelekee kaskazini na kusini, jua la jioni lisimpige kipa machoni. Ili kupata pembe iliyo sawa, tumieni kamba: upande mmoja mita 3, wa pili mita 4, na kamba ya kuunganisha ncha zao iwe mita 5 kamili.

Uwanja wa mbio wa mita 400, wenye njia nane, unahitaji ardhi ya karibu mita 177 kwa 93. Vyuo vingi havina nafasi hiyo. Basi anzeni na voliboli, mita 18 kwa 9, na netiboli, mita 30.5 kwa 15.25. Netiboli isingoje mwisho, maana mara nyingi wasichana ndio huambiwa wasubiri.

Ukumbi

Paa la mabati bila dari ni taabu: mvua ikinyesha, hakuna anayesikia wimbo wala mchezo wa kuigiza. Dari, hata ya mbao nyembamba, hupunguza kelele na mwangwi. Jukwaa linaweza kujengwa kwa ukuta mfupi wa mawe, likajazwa kifusi, likashindiliwa vizuri na kupigwa saruji juu. Lisizidi mita moja, la sivyo walioketi mbele hawataona miguu ya wanaocheza. Milango iwe miwili, na ifunguke kwa nje, watu watoke haraka moto ukitokea. Ngoma na mavazi yawekwe kwenye rafu iliyo mbali na sakafu, kwa sababu unyevu hulegeza ngozi na mchwa hula nguo.

Mapatano yaandikwe

Hapa ndipo vikundi huumia. Mnachimba, mnabeba mawe, mnachanga pesa. Kazi ikiisha, fensi inawekwa, kufuli linatiwa, na watoto wenu wanafukuzwa kama ng'ombe waliovamia shamba.

Kwa hivyo kaeni na wakuu wa chuo kabla ya jembe la kwanza. Ulizeni: Hati ya shamba iko kwa jina la nani? Kijiji kitatumia kiwanja siku gani? Nani atakata nyasi na kuzibua mfereji kila mwaka? Ukumbi ukikodishwa kwa arusi, pesa zinaingia wapi? Ufunguo unakaa kwa nani?

Majibu yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na kila kikundi kibaki na nakala yake. Chuo kikisema maneno ya mdomo yanatosha, wekeni majembe chini mpaka karatasi ipatikane.