Kufunga Chakula na Kufungua Moyo

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Pasaka, Wakristo wengi huingia katika kipindi kiitwacho Kwaresima. Asili ya jina hili ni Kilatini, na maana yake ni "ya arobaini", kwa ukumbusho wa siku 40 alizofunga Yesu jangwani. Kwa Wakatoliki na Waanglikana huanza Jumatano ya Majivu. Mtu akihesabu toka siku hiyo hata Jumamosi ya mkesha wa Pasaka atapata siku 46; lakini Jumapili 6 zilizomo si siku za kufunga, basi hubaki 40.

Mambo matatu hutakiwa katika siku hizo: kusali, kufunga na kutoa sadaka. Kwa sheria ya Wakatoliki, wenye umri wa miaka 18 hadi 59 hula mlo mmoja kamili tu siku ya Jumatano ya Majivu na ya Ijumaa Kuu, wala hawali nyama. Wagonjwa hawalazimishwi.

Lakini yafaa kuuliza, tumbo likifungwa, moyo nao hufanya nini? Nabii Isaya aliwaonya watu waliofunga huku wakigombana na kuwaonea vibarua wao. Aliwaambia kwamba mfungo umpendezao Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Kwa hiyo, chakula alichojinyima mtu kisirudi ghalani mwake, bali kimfikie jirani asiye nacho. Na mwenye kibarua amlipe ujira wake wote.

Tutazame mfano. Ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba na hawasalimiani. Wote wawili wamepakwa majivu, nao husali katika kanisa moja. Katika Injili ya Matayo, Yesu afundisha kwamba mtu akikumbuka mbele ya madhabahu kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza kupatana naye. Hakusema kwamba mwenye kosa zaidi ndiye atangulie. Basi mmoja na aende, hata kama ni yeye mkubwa, amchukue na mzee wanayemheshimu wote wawili.

Tena kufungua moyo si kutoa tu, ni kupokea pia. Katika karamu ya mwisho, ambayo hukumbukwa siku ya Alhamisi Kuu, Petro alikataa kuoshwa miguu na Bwana wake, akaambiwa kwamba asipooshwa hana sehemu naye. Wako watu wepesi wa kusaidia, lakini aliye mdogo wao akija kuomba radhi humwacha amesimama mlangoni. Mioyo yao nayo bado imefungwa.

Basi msomaji, ikiwa yuko mtu ambaye hupiti njia yake, mwendee mapema, wala usingoje Ijumaa Kuu. Na akija yeye kwako, mkaribishe akae.