Vinywaji na Msimu Wake (3): Cheri Ndani ya Wiski

Juma lililopita tulieleza jinsi wiski inavyokomaa ndani ya pipa. Leo tunaingia kwenye tunda, na mfano wetu unatoka mashariki ya Marekani, ambako cheri chachu huiva kwa majuma machache tu katika majira ya joto. Wenyeji waliziloweka katika pombe kali pamoja na sukari na viungo, wakanywa mpaka wakati wa baridi. Kinywaji hicho huitwa cherry bounce. George Washington alikipenda hata akakibeba Septemba 1784, alipovuka milima ya Allegheny kwenda magharibi. Miongoni mwa karatasi za mkewe, Martha, yamo maelezo ya kukitengeneza, pamoja na karafuu, mdalasini na kungumanga.

Wao walitumia brandi. Kwa maoni yangu bourbon, ile wiski ya mahindi, inafaa zaidi, kwa kuwa pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani limekwisha kuipa harufu ya vanila.

Chagua yenye kilevi cha asilimia 45 hadi 50. Tunda limejaa maji, na maji hayo hutoka taratibu na kuizimua wiski. Ukianza na asilimia 40 utaishia na kinywaji kilichopooza. Ondoa kokwa zote. Wapo wanaoziacha kwa ajili ya harufu ya lozi, lakini kokwa ya cheri ikipasuka hutoa sumu ya jamii ya sianidi, nami siwezi kumshauri msomaji acheze nayo.

Jaza cheri nusu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kisha mimina wiski mpaka zizame kabisa. Tunda linalochungulia juu hubadilika rangi, na huweza kuota ukungu. Tia kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu mbili, zisizidi, maana karafuu humeza kila ladha iliyo karibu nayo. Funga, weka gizani, na uonje kila baada ya siku chache. Yapata majuma mawili hivi utaona wiski imekuwa nyekundu nzito na cheri zimepauka. Hapo chuja. Sukari itiwe sasa, kidogo kidogo, kwa kuwa ndipo unapojua uchachu wa matunda yako.

Siku ya kunywa, mimina mililita 60 katika glasi fupi, dondoshea Angostura, ile bitters chungu ya viungo, matone mawili matatu, tia bonge kubwa la barafu, ukoroge mpaka glasi itoe jasho nje. Usitikise, kutikisa ni kwa vinywaji vyenye ndimu au yai. Mwisho kamulia juu yake ganda la chungwa, mafuta yake yatue usoni mwa kinywaji.

Utamu wa cheri huficha ukali, lakini kilevi kimo kile kile, kwa hiyo mwenye kuendesha gari asikiguse. Na zile cheri zilizobaki kwenye chujio zimekunywa wiski pia: msiwape watoto.