Ukitaka Kumshinda Gawain, Kwanza Piga Msuli

Gemu nyingi za mapigano zinataka vidole vyepesi. Fate/Extra inataka kichwa. Gemu hii ya PSP, iliyotoka Japani mwaka 2010, inakulazimisha umsome adui kabla hujamgusa, ndiyo maana naona inatuhusu sana sisi wa ualimu.

Kisa kiko hivi. Washindani 128 wako ndani ya kompyuta kubwa iliyoko mwezini, katika mazingira yaliyotengenezwa kama shule: kuna madarasa, maktaba, hadi paa la kupunga upepo. Wanagombea Kikombe Kitakatifu, chenye jina la kile walichokitafuta mashujaa wa Meza ya Duara ya Mfalme Arthur. Kila mmoja ana mtumishi wake, shujaa wa zamani anayempigania huku akificha jina lake la kweli. Mechi ni za mtoano: 128, 64, 32, hadi abaki mmoja, yaani raundi 7. Anayeshindwa anakufa. Hakuna sup.

Kabla ya kila pambano unapewa siku 6. Unasaka funguo mbili, unaongea na watu, unapekua vitabu ujue shujaa wa mwenzio ni nani hasa. Siku ya 7 mnakutana. Kila zamu unapanga hatua 6 kwa mpigo: shambulio linashinda pigo la kuvunja, pigo la kuvunja linashinda kinga, kinga inashinda shambulio. Shida ni kwamba hatua za adui zimefichwa, na kadiri unavyomjua ndivyo nyingi zinavyofunuka. Asiyesoma anabahatisha, kama mtu aliyeingia kwenye UE na desa la kuazima.

Mchukue Gawain, mpwa wa Arthur, anayekusubiri raundi ya 7. Jua ndilo linalompa nguvu. Hilo waliotengeneza gemu hawakulibuni: katika kitabu cha Thomas Malory, kilichochapwa mwaka 1485, nguvu za Gawain zinapanda asubuhi hadi adhuhuri. Lancelot alipopigana naye alijikinga tu, akangoja adhuhuri ipite, ndipo akampiga. Sisi tunaye Fumo Liyongo: silaha zote zilimshindwa, hadi mwanawe alipoijua siri ya sindano ya shaba na kitovu.

Ila kumjua mtu kuna gharama. Siku hizo 6 unazosaka udhaifu wake, unajua pia kwa nini anapigana. Kuna mzee mmoja mwanajeshi anayemkumbuka mkewe marehemu. Ukishamwelewa, mkono unakuwa mzito. Kwa Malory, Lancelot aliwaua ndugu wawili wa Gawain kwenye vurugu bila kuwatambua, ndiyo chanzo cha uadui wao. Lakini Gawain alipoanguka mbele yake, alikataa kummaliza. Gemu haikupi nafasi hiyo.

Darasani tutakuwa nayo. Wakati wa BTP utajua haraka nani hajui kusoma vizuri na nani anaogopa ubao. Ukijua hivyo unaweza kumsaidia, au kumuumbua mbele ya wenzake. Uamuzi ni wako.

Kama una PSP ya mtumba inayokusanya vumbi, ijaribu. Ila usiruke mazungumzo, la sivyo Gawain atakumaliza saa 5 asubuhi.