Ngozi ya Kunolea Kisu

Kisu kinapotoka kwenye kinoo huwa hakijamaliza kunolewa. Jiwe linapokula chuma upande mmoja, huacha ukingoni uzi mwembamba wa chuma uliopindia upande wa pili. Kuuona kwa macho ni shida, lakini kidole gumba kikipitishwa taratibu kutoka mgongoni kuja kwenye makali hukwama kidogo, kama kilichogusa ukucha uliochanika. Kisu chenye uzi huo hukata vizuri kwa muda mfupi, kisha uzi hujikunja na nyanya iliyoiva huanza kubonyea badala ya kukatika. Kazi ya ngozi ni kuuondoa uzi huo na kuyalainisha makali yaliyobaki. Kisu butu kabisa hakiokolewi na ngozi. Hicho kirudi kwenye jiwe.

Wengi huifahamu ngozi hii kutoka kwa vinyozi wa zamani: mkanda mrefu unaoning'inia ukutani, wembe wa kukunja ukipita juu yake huku na huku. Wembe una bahati. Huulalia mkanda mzima mzima, mgongo na makali kwa pamoja, hivyo mkanda ukinesa kidogo hauharibu kitu. Kisu cha jikoni huinuliwa mgongo kwa digrii 15 hadi 20 hivi, na mkanda uliolegea huyazunguka makali yake na kuyafanya mviringo. Kwa kisu, basi, ngozi igundishwe kwenye ubao ulionyooka.

Ngozi inayofaa ni kavu, iliyoshikamana na isiyobonyea ovyo. Hiyo mara nyingi ni ile iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama miwati inayopandwa Njombe. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu, ambayo hushonewa mikoba na viatu laini, hunepa mno. Kipande kikikatwa siri hutoka: ya magome huwa ya kahawia hadi ndani, ya kromiamu mara nyingi huonyesha kijivu cha kibuluu katikati. Unene wa milimita 2 au 3 unatosha, na ukubwa wa sentimita 25 kwa 5 hufaa visu vingi vya nyumbani.

Hakuna haja ya kuagiza mbali. Mafundi viatu wanaotumia ngozi halisi huwa na mabaki, na soko la Kariokor, Nairobi, limejaa watengeneza ndala za ngozi. Mkanda wa suruali wa mtumba nao hufaa, ila ukaguliwe kwanza. Mingi ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, au vumbi la ngozi lililoshindiliwa kwa gundi. Ncha iliyokatwa ya ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana; ya bandia huonyesha matabaka.

Upande laini unaweza kutumika mtupu. Upande wenye manyoyanyoya hushika vizuri zaidi dawa ya kusugulia makali, hasa ile ya kijani yenye oksaidi ya kromiamu, ambayo chembe zake hukaribia nusu ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Hupakwa kama chaki, kidogo tu; kuirundika ni kuipoteza.

Kisu huburutwa kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Makali yakitangulia, ngozi huchanwa. Mkono uwe mwepesi, karibu uzito wa kisu chenyewe, mara kumi kila upande. Kosa linalowapata wengi huwa mwishoni mwa mvuto: mgongo huinuliwa juu kabla kisu hakijatoka kwenye ngozi, na makali yakapoteza pale kila yalichopata.

Michirizi myeusi inayotokea juu ya dawa ni chuma kilichomeguka, dalili kwamba kazi inafanyika. Ikizidi hata ngozi ikang'aa na kuteleza, hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu au kusuguliwa kwa msasa laini, kisha dawa mpya ikapakwa.