Je, tunaishi ndani ya kompyuta? Dhana hii na imani kwa Muumba

Mwaka 2016, bilionea wa teknolojia Elon Musk aliuambia mkutano mmoja nchini Marekani kuwa uwezekano wa sisi kuishi katika ulimwengu halisi ni mmoja tu kati ya mabilioni. Kwa maoni yake, karibu ni hakika kwamba tumo ndani ya programu ya kompyuta. Je, huku ni kumkubali Muumba kwa jina jingine?

Hoja ilikoanzia

Hoja inayotajwa zaidi ni ya Nick Bostrom, mwanafalsafa mzaliwa wa Sweden, aliyeichapisha mwaka 2003 akiwa Chuo Kikuu cha Oxford. Alisema moja kati ya mambo matatu ni kweli: karibu jamii zote zenye akili huangamia kabla ya kuweza kuunda ulimwengu wa kompyuta wenye watu wanaojitambua, au zikiweza, hazitaki kufanya hivyo, au karibu hakika sisi wenyewe tumo ndani ya ulimwengu wa aina hiyo. Bostrom hakusema kuwa jambo la tatu limethibitishwa.

Zinapofanana

Dhana hii na dini zinazomwamini Muumba zinasema ulimwengu haukujitokeza wenyewe. Yupo aliyeuanzisha, aliye nje yake, anayeweza kuona yaliyomo na hata kubadili kanuni zake. Muumini huita mabadiliko hayo muujiza.

Zinapoachana

Tofauti ya kwanza ni kubwa. Mtengeneza programu naye ni kiumbe: ana ulimwengu wake, kanuni zinazombana, na huenda hufa. Swali la nani aliyemuumba yeye linabaki palepale. Uislamu, Ukristo na Uyahudi hufundisha kuwa Mungu hakuumbwa, na kwamba kila kilichopo kinamtegemea.

Ya pili ni kusudi. Mtengeneza programu anaweza kuwa mtafiti au mtu anayecheza tu, na anaweza kuizima mashine bila kutujali. Dini huzungumzia Mungu anayewajua waja wake, anayewaamrisha haki na atakayewahukumu. Mwanafalsafa David Chalmers, katika kitabu alichotoa mwaka 2022, anakubali kwamba mtengenezaji huyo angekuwa muumba wa aina fulani, lakini haoni sababu ya kumwabudu.

Ya tatu ni ushahidi. Dhana ya Bostrom inategemea hesabu ya uwezekano. Mwanafizikia wa Ujerumani Sabine Hossenfelder anaikosoa akisema hakuna aliyeonyesha jinsi kompyuta ingeweza kuzalisha kanuni zote za maumbile tunazozijua. Muumini naye hategemei hesabu, bali ufunuo, sala na maisha ya jamii yake.

Kwa nini inajalisha?

Tofauti hizi huonekana wazi wakati wa msiba. Mzazi aliyefiwa na mtoto akiuliza kwa nini, dhana ya kompyuta haina wa kumjibu wala wa kumfariji. Dini nayo haimpi kila jibu, lakini inampa wa kumlilia na watu wa kukaa naye matanga.

Chalmers anaongeza kuwa hata tukiwa ndani ya programu, maisha yetu bado ni ya kweli. Njaa ingeuma vilevile, na kumdhulumu jirani kungebaki kuwa dhuluma.