Sharubati ya Nyumbani: Sayansi Ndani ya Jagi

Kisiwa cha Unguja kimejaliwa matunda ambayo watu wa nchi nyingi huyasikia kwa majina tu. Embe zikiadimika, machungwa hujaa sokoni. Na baina ya misimu hiyo hupatikana mapapai, mananasi, mapasheni, mastafeli, ukwaju na mabungo. Katika mitaa ya Ng'ambo, kama vile Amani, jagi la sharubati wakati wa joto la Kaskazi ni jambo la kila siku, na katika mwezi wa Ramadhani ni nyumba chache zinazofuturu bila ya kinywaji hicho.

Hata hivyo, kinywaji hicho hicho kinachoburudisha mwili kinaweza kuuletea maradhi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini sharubati moja huwa salama na nyingine ikawa hatari, ingawa zote mbili zimetoka katika kapu moja la matunda. Jibu kwa ufupi ni kwamba aghalabu hatari haitoki ndani ya tunda. Huingia kwa maji, kwa barafu, kwa mikono na vyombo, kisha ikakuzwa na muda.

Funzo la kipindupindu

Unguja inayajua maradhi ya kipindupindu tangu zamani. Mlipuko mkubwa wa miaka ya 1869 na 1870 ulishuhudiwa na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, naye akaandika kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki kilichochapishwa London mwaka 1876. Karibu miaka mia moja na hamsini baadaye, mlipuko ulioanza mwaka 2015 na kuendelea mwaka 2016 uliwapata watu zaidi ya 4,000 wa Zanzibar na kuua zaidi ya 60. Wakati huo Serikali ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji katika maeneo ya wazi. Lakini amri ya namna hiyo hukomea sokoni na barabarani. Jikoni, mlinzi ni mwenye nyumba mwenyewe.

Tatizo la maji lina asili yake katika ardhi. Sehemu kubwa ya Unguja ni mwamba wa chokaa ya matumbawe, wenye nyufa na matundu mengi. Maji ya mvua hupenya upesi hadi chini bila ya kuchujwa vya kutosha, na maji machafu ya vyoo hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kisima kinaweza kutoa maji maangavu yasiyo na harufu, na bado yakawa na vijidudu. Jicho na ulimi si vipimo vya usalama wa maji.

Asidi, mlinzi wa asili

Wanakemia hupima asidi kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yana pH 7. Kadiri nambari inavyopungua ndivyo asidi inavyozidi, na kila hatua moja ni sawa na mara kumi. Maji ya ndimu yana pH iliyo karibu na 2. Chungwa na nanasi huwa baina ya 3 na 4 au zaidi kidogo. Ndizi mbivu hukaribia 5, papai na tikiti huzidi 5, na parachichi huzidi 6. Ina maana kwamba asidi ya ndimu huizidi ya papai kwa zaidi ya mara elfu moja.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu kijidudu cha kipindupindu hakivumilii asidi kali. Nchini Guinea-Bissau, watafiti waliouchunguza mlipuko ulioanza mwaka 1994 waliona kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wao walipatwa na maradhi kwa nadra zaidi kuliko wasiotia. Basi desturi ya mabibi zetu ya kukamulia ndimu juu ya papai ina manufaa zaidi ya utamu.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba ndimu yaweza kuchukua nafasi ya moto. Ndimu moja ikizimuliwa katika jagi zima la maji na papai, asidi yake hupungua sana. Kukamua ndimu ni kinga ya ziada. Kuchemsha maji ndiyo kinga yenyewe.

Baridi haiui

Watu wengi huamini kwamba barafu husafisha. Dhana hiyo si sahihi. Baridi huvilaza vijidudu na kuvizuia visizaliane, lakini vingi hubaki hai na huamka barafu inapoyeyuka. Mwaka 1991, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, watu waliugua kipindupindu baada ya kula chakula kilichotiwa tui la nazi lililogandishwa, lililoagizwa kutoka Thailand. Tui lile lilivuka bahari likiwa barafu, na kijidudu kikavuka nalo. Barafu haiwezi kuwa safi kuliko maji yaliyogandishwa.

Hesabu ya muda

Penye joto la kisiwani, chakula tele na asidi haba, baadhi ya bakteria hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Tuchukue mfano wa sharubati ya papai iliyotengenezwa saa nane mchana na kuachwa juu ya meza hadi saa kumi na mbili jioni. Katika saa hizo nne kijidudu kimoja chaweza kugawanyika mara 12 na kuwa 4,096. Sharubati iliyokuwa na vijidudu vichache mchana itakuwa na jeshi wakati wa kufuturu. Jokofu husaidia kwa kuchelewesha hesabu hiyo, lakini lategemea umeme. Waya wa chini ya bahari uletao umeme kutoka Tanzania Bara ulipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa yapata miezi mitatu bila ya umeme huo. Kwa hiyo ni busara zaidi kutengeneza sharubati karibu na wakati wa kuinywa.

Namna ya kutengeneza

Kwa watu wanne, chukua nusu ya papai la wastani, ndizi mbivu mbili, embe moja, ndimu mbili na glasi mbili za maji.

Kwanza, chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, kisha yaache yapoe ndani ya chombo hicho hicho kilichofunikwa. Kama barafu yahitajika, igandishe kwa maji hayo hayo.

Pili, nawa mikono kwa sabuni, na osha matunda kabla ya kuyamenya, hata yale ambayo ganda lake halitaliwa. Kisu kinachopita juu ya ganda chafu hupeleka uchafu mpaka ndani ya nyama ya tunda. Kisu, ubao, jagi na mashine ya kusagia navyo vioshwe kwa maji salama.

Tatu, saga matunda pamoja na maji yaliyopoa. Asiye na mashine, au aliyekatikiwa umeme, ayaponde kwa uma na kuyakoroga kwa mwiko. Usiyachemshe matunda, kwani vitamini C huharibiwa na moto. Usiyachuje pia: nyuzinyuzi zinazobaki katika chujio husaidia tumbo na huchelewesha sukari kuingia katika damu. Matunda yakiwa yameiva vizuri, sukari ya kuongeza haihitajiki.

Nne, kamua ndimu mara moja. Pamoja na kazi yake dhidi ya vijidudu, asidi huzuia kimeng'enya kinachoifanya ndizi iwe nyeusi inapokutana na hewa.

Anayependa maziwa na atumie yaliyochemshwa, aache ndimu, na anywe papo hapo. Ndimu huyakatisha maziwa kwa kugandisha protini yake. Papai nalo lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huzikata protini hizo vipande vipande. Ndiyo sababu maziwa yaliyochanganywa na papai huwa machungu yakikawia.

Mambo haya hayahitaji maabara wala fedha nyingi: moto, sabuni, kifuniko na ndimu mbili. Mama anayechemsha maji asubuhi na kusaga matunda jioni, wakati adhana ya Magharibi imekaribia, anafanya kazi ile ile ya kulinda afya inayofanywa hospitalini, na pengine amemwondolea mwanawe haja ya kupelekwa huko.